Miji Mikongwe ya Amerika ya Kaskazini na Namna ya Kuitembelea

Miji mingi ya Amerika ya Kaskazini ilipimwa kwa kamba kabla ya kujengwa. Barabara zake zimenyooka, zinakatana kama miraba ya daftari la hesabu, na kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa gari. Ipo hata hivyo miji michache iliyotangulia gari, ikatangulia hata reli, na ambayo bado mtu huweza kuipita kwa miguu kutoka pembe hadi pembe. Wafaransa, Wahispania na Waingereza waliianzisha kati ya karne ya 16 na ya 18 kwa kufuata mifano ya kwao: kanisa na uwanja katikati, nyumba zimebanana ukingoni mwa njia, ngome ikitazama maji. Msafiri aliyeko Amerika kwa masomo, kazi au kumtembelea ndugu, na ambaye Ulaya iko mbali na mfuko wake, anaweza kuionja katika miji hiyo, mradi ajue aende wapi na aende lini.

Kwanza yafaa kutofautisha mji mkongwe na mji uliovalishwa nguo za kale. Leavenworth, katika jimbo la Washington, unafanana na kijiji cha milima ya Ujerumani, lakini sura hiyo iliamuliwa katika miaka ya 1960 ili kuvuta watalii baada ya biashara ya mbao kufa. Solvang, California, ulianzishwa na Wadenmaki mwaka 1911, na vinu vyake vya upepo ni mapambo ya baadaye. Si vibaya kupita huko na watoto. Ila mtu aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atagundua upesi kwamba kuna kitu kimekosekana. Mji mkongwe wa kweli hujulikana kwa njia zake kabla ya nyumba zake. Nyumba huungua na kujengwa upya, paa hubadilishwa, lakini njia iliyochorwa kwa ajili ya mtu, mzigo na mnyama hubaki na upana wake uleule karne hadi karne.

Kwa kipimo hicho, Quebec ndio mji wa kutajwa mwanzo. Samuel de Champlain aliuanzisha mwaka 1608 chini ya mwamba mrefu, pale Mto Saint Lawrence unapobanwa na kuwa mwembamba. Jina lenyewe latokana na neno la wenyeji wa asili lenye maana hiyohiyo. Hadi leo mji una sehemu mbili. Mji wa Chini, kando ya maji, ulikuwa wa wafanyabiashara na maghala yao. Mji wa Juu ulikuwa wa gavana, askari, mapadri na masista. Sehemu ya juu imezungukwa na kuta zenye urefu wa kilomita 4.6 hivi, na hakuna mji mwingine kaskazini mwa Mexico ambao kuta zake zimesalia namna hiyo. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1985.

Kuta hizo nusura zitoweke. Jeshi la Uingereza lilipoondoka mwaka 1871, wafanyabiashara walilalamika kwamba malango yalikuwa membamba na kuzuia mikokoteni, na baadhi yakabomolewa. Lord Dufferin, aliyekuja kuwa gavana mkuu wa Kanada mwaka 1872, ndiye aliyeshauri kuta ziachwe na malango yajengwe upya, mapana zaidi, kwa mtindo wa kale. Kwa hiyo Lango la Saint-Louis, ambalo wageni hulipiga picha wakidhani ni la zama za mashujaa wa farasi na mikuki, umri wake haufiki miaka 150, na Lango la Saint-Jean ni la mwaka 1939. Château Frontenac, jengo lenye mapaa yaliyochongoka linaloonekana katika kila picha ya Quebec, halikuwa kasri la mfalme yeyote. Ni hoteli, iliyofunguliwa mwaka 1893 na kampuni ya reli ya Canadian Pacific ili kuwapa abiria matajiri sababu ya kupanda treni. Hata nyumba nyingi za uwanja wa Place Royale, kule Mji wa Chini, zilirudishwa katika sura ya enzi za Wafaransa kwa kazi ya ukarabati ya karne ya 20. Mji haupungukiwi heshima kwa hayo. Mgeni anayeyajua hutazama kwa makini zaidi, na hutambua anapofika kwenye kitu cha kale hasa, kama kanisa la Notre-Dame-des-Victoires, ambalo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1680.

Quebec hutembelewa vizuri kwa kuanzia chini kwenda juu, kama mji wenyewe ulivyokua. Asubuhi, kabla ya makundi ya watalii kushuka kutoka melini, Place Royale huwa tupu na mawe yake hutoa mwangwi wa hatua za mtu mmoja. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Rue du Petit-Champlain, kichochoro cha maduka madogo chini ya mwamba. Kupanda juu kuna njia mbili: ngazi ambazo wenyeji wameziita Escalier Casse-Cou, yaani ngazi za kuvunja shingo, au kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba za chuma, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1879. Mwenye magoti mabovu asione haya kulipa nauli. Juu ipo Terrasse Dufferin, baraza refu la mbao linalotazama mto, na kutoka hapo mtu anaweza kufuata kuta hadi kwenye ngome ya Citadelle na uwanja wa Plaines d'Abraham. Hapo ndipo, tarehe 13 Septemba 1759, Waingereza walipowashinda Wafaransa katika vita vilivyoamua hatima ya Kanada. Majemadari wote wawili, Wolfe na Montcalm, walikufa kwa majeraha ya siku hiyo. Leo ni bustani ya umma, na watu hulala kwenye nyasi kusoma vitabu.

Siku mbili zatosha kuuona mji, na ya tatu ni ya kuufurahia. Majira ndiyo yenye uamuzi mkubwa. Januari wastani wa joto huwa chini ya nyuzi 10 hasi, na theluji inayoanguka kwa mwaka mmoja huzidi mita 3 ikijumlishwa. Sherehe za msimu wa baridi mwezi Februari ni za kupendeza kweli, lakini kwa mtu asiye na koti zito, viatu visivyopitisha maji, glavu na kofia ya kufunika masikio, zitakuwa mateso. Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba majani ya miti hugeuka mekundu na ya dhahabu. Ndio wakati mzuri kuliko wote, na pia ndio wakati meli za watalii hujazana. Mei na Juni kuna nafasi na bei huwa na huruma. Chumba ndani ya kuta ni ghali. Mtaa wa Saint-Roch, chini ya mwamba upande wa pili, una vyumba vya bei nafuu na mikahawa ambayo wenyeji wenyewe hula, na mwendo wake kwa miguu hadi langoni hauzidi nusu saa.

Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya jimbo zima la Quebec. Watumishi wa hoteli na mikahawa ya mji wa kale husema Kiingereza bila shida, lakini salamu ya Kifaransa inapotangulia mlangoni, mapokezi hubadilika. Kwa msafiri kutoka Bukavu, Goma, Bujumbura au Kigali jambo hili ni faida kubwa: yeye huzungumza lugha ya mji. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wamehamia jimbo hilo kwa sababu hiyohiyo, na katika mabasi ya Montreal si ajabu kusikia Kiswahili kiti cha nyuma.

Montreal, kilomita 250 hivi kusini-magharibi, ulianzishwa mwaka 1642 kwa jina la Ville-Marie. Treni kutoka huko hadi Quebec huchukua saa 3 na kitu, na kituo cha Gare du Palais humshusha abiria karibu kabisa na kuta, hivyo gari la kukodi halihitajiki. Kwa kweli ndani ya mji wa kale gari ni adha. Tofauti na Quebec, Montreal ulibomoa kuta zake, kati ya mwaka 1804 na 1817. Mtaa wa Vieux-Montréal ulihifadhiwa kisheria mwaka 1964. Majengo yake mengi ya mawe ya kijivu ni ya karne ya 19, ya benki na maghala, lakini Rue Saint-Paul bado inapinda kama ilivyopindwa na Wafaransa, na Château Ramezay ni ya mwaka 1705. Jumba la makumbusho la Pointe-à-Callière limejengwa juu ya misingi ya mji wa kwanza, na mgeni hushuka chini ya ardhi akaiona kwa macho yake.

Karibu na ukumbi wa jiji kuna uwanja mdogo ambao msomaji wa Afrika hafai kuupita bila kusimama. Unaitwa Place Marie-Josèphe-Angélique, kwa jina la mwanamke Mweusi mtumwa aliyenyongwa mwaka 1734 baada ya kutuhumiwa kuchoma sehemu ya mji. Kama ndiye aliyewasha moto au siye, wanahistoria bado wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba utumwa ulikuwapo Kanada, ingawa vitabu vingi vya utalii hupenda kuuhesabu kuwa jambo la kusini peke yake.

Kusini nako, mji wa kutajwa kwanza ni New Orleans. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718 kwenye pinda la Mto Mississippi, na miaka mitatu baadaye mhandisi Adrien de Pauger akachora mitaa ya Vieux Carré, ambayo kwa Kiingereza huitwa French Quarter. Jina hilo huwapoteza wengi. Moto wa mwaka 1788 uliteketeza majengo zaidi ya 800, na mwingine wa 1794 ukala sehemu ya yaliyobaki. Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa Wahispania, nao waliujenga upya kwa matofali, plasta na ua wa ndani wenye chemchemi na migomba. Kwa hiyo mtaa wa Kifaransa kwa jina ni wa Kihispania kwa mwili. Nyumba ya masista Waursula, iliyokamilika katika miaka ya 1750, ni miongoni mwa majengo machache sana ya Wafaransa yaliyosalimika. Roshani za chuma zenye nakshi kama lesi, ambazo ndizo alama ya mji, ni za baadaye zaidi: zilienea katikati ya karne ya 19, Wamarekani wakiwa wameshaununua mji pamoja na Louisiana yote mwaka 1803.

Ushauri wa New Orleans ni mfupi: msafiri aikwepe Bourbon Street usiku, isipokuwa anatafuta pombe na kelele. Uzuri wa mtaa uko Royal Street, Chartres Street, na upande wa chini kuelekea Esplanade Avenue, ambako watu bado wanaishi, wanamwagilia maua na kukaa vibarazani. Asubuhi ndiyo saa yake. Tramu ya St. Charles, ambayo njia yake ni ya tangu mwaka 1835, humtoa mgeni katikati ya mji hadi kwenye majumba yaliyofunikwa na mialoni kwa nauli ndogo. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na Julai na Agosti joto lake lina unyevu wa kuchosha hata kwa mtu wa Tanga. Kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kilifurisha karibu asilimia 80 ya mji, lakini Vieux Carré ilinusurika kwa sehemu kubwa, kwani wajenzi wa kwanza walichagua ukingo ulioinuka. Wakati wa Mardi Gras, Februari au mapema Machi, vyumba hupanda bei maradufu na zaidi.

Hatua chache nje ya Vieux Carré, ndani ya bustani ya Louis Armstrong, ndipo ulipo uwanja wa Congo Square. Hapa watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili, wakauza bidhaa zao, wakapiga ngoma na kucheza, katika nchi ambayo kwingineko ngoma zilipigwa marufuku. Wajuzi wa muziki huutaja uwanja huu kila wanapoeleza chimbuko la jazi. Mwenye saa moja tu ya kubaki New Orleans aitumie hapa.

St. Augustine, Florida, ndio mji mkongwe kuliko yote iliyoanzishwa na Wazungu katika Marekani bara na kukaliwa bila kukatika: ni wa mwaka 1565. Ngome yake, Castillo de San Marcos, ilianza kujengwa mwaka 1672 na kukamilika 1695. Mtu wa Mombasa akisimama mbele yake ataona kitu anachokijua. Pembe zake nne zimechomoza kama vichwa vya mishale ili mizinga ilinde kila ukuta, kwa elimu ileile ya uhandisi wa vita iliyotoka Italia na kuijenga Ngome Yesu kuanzia mwaka 1593. Mawe nayo yana udugu, maana yote yametoka baharini. Mombasa ilitumia matumbawe, na St. Augustine ilitumia kokina, jiwe laini la makombe yaliyogandana. Ulaini huo ndio uliokuwa ngao yake: Waingereza walipoizingira mwaka 1702 na tena 1740, risasi za mizinga zilizama ukutani badala ya kuupasua, na ngome haikutekwa kwa nguvu hata mara moja. Mji wenyewe, ambao ulikuwa wa mbao, ulichomwa mwaka 1702, kwa hiyo hakuna nyumba ya karne ya 16 ya kutafuta humo. Kilomita chache kaskazini kuna eneo la Fort Mose, ambako mwaka 1738 Wahispania waliwapa kijiji na ngome yao watu Weusi waliowatoroka mabwana wa Carolina. Treni ya abiria haifiki St. Augustine, uwanja wa ndege wa kutegemewa ni wa Jacksonville.

Anayependa ngome kupita yote atakuwa na furaha zaidi San Juan, Puerto Rico. Ngome ya El Morro ilianza kujengwa mwaka 1539, ya San Cristóbal ndiyo kubwa kuliko zote walizojenga Wahispania katika Amerika, na kati yao kuna mji wa nyumba za rangirangi juu ya barabara za mawe yenye weusi wa buluu. Puerto Rico iko chini ya Marekani, kwa hiyo mwenye viza ya Marekani haombi nyingine.

Waingereza hawakujenga kwa fahari kama hiyo, lakini walipanga vizuri. Savannah, Georgia, ulichorwa na James Oglethorpe mwaka 1733 kuzunguka viwanja vidogo vyenye miti. Kati ya 24 vilivyokuwapo, 22 vingali. Charleston, South Carolina, ndio mji wa kwanza Marekani kutunga sheria ya kulinda mtaa wa kihistoria, mwaka 1931. Nyumba zake zimegeuza ubavu barabarani, zikafungua vibaraza virefu kupokea upepo wa bahari. Ulikuwa pia bandari kuu ya kuingizia Waafrika waliouzwa, na tangu mwaka 2023 kwenye gati la Gadsden's Wharf, waliposhushwa maelfu yao, kuna jumba la makumbusho linaloeleza habari hizo. Ziara ya Charleston isiyofika hapo ni nusu ziara. Boston una Beacon Hill, mtaa wa matofali mekundu na taa za gesi, ambako limesimama African Meeting House la mwaka 1806, kanisa la Weusi ambalo jengo lake ndilo kongwe kuliko yote ya aina hiyo yaliyosalia Marekani. Mstari mwekundu wa Freedom Trail, wa kilomita 4, humwongoza mgeni bila kulipa mwongozaji.

Mexico yahitaji makala yake peke yake, kwani huko miji ya namna hii ni mingi kuliko Marekani na Kanada zikijumlishwa. Itajwe Guanajuato tu, mji wa fedha uliomwagika bondeni, ambao magari yake mengi hupita chini ya ardhi katika mapango na mkondo wa mto wa zamani, na juu vikabaki vichochoro vya watu.

Juu ya karatasi na fedha, makosa hurudiwa yaleyale. Viza ya Marekani haimwingizi mtu Kanada, wala ya Kanada haimwingizi Marekani. Anayepanga kuvuka mpaka na kurudi ahakikishe viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kabla hajalipa nauli. Bei iliyoandikwa dukani au kwenye orodha ya chakula si bei ya mwisho: katika jimbo la Quebec kodi huongeza karibu asilimia 15, na bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 kwa mhudumu wa mkahawa ni desturi inayotegemewa, Kanada na Marekani vilevile. Chakula kilichoandikwa dola 20 kwa hiyo hukaribia 27 mezani. Viatu viwe vya soli nene na vilivyozoeleka. Mawe ya barabara za kale huchosha nyayo kabla ya saa sita mchana. Na wenye haraka ya kuona miji mitano kwa wiki moja huishia kuona viwanja vya ndege vitano.

Mwenye nafasi ya mji mmoja tu aende Quebec, akae usiku tatu. Jioni ya mwisho apande kivuko cha kwenda Lévis, ng'ambo ya mto. Safari ni ya dakika 12 hivi, na wakati wa kurudi mwamba, kuta na mapaa ya mji wote huonekana kwa pamoja kutoka majini, upande uleule aliotokea Champlain.